Sauti Ilivyosalimika

Mwimbaji Ayumi Hamasaki alitoa wimbo wake "M" nchini Japani mnamo Desemba 2000. Maneno aliyaandika mwenyewe, na hata lahani ni yake, aliyoitunga kwa jina la CREA. Katika wimbo huo anamwita Maria, huku akisimulia mapenzi na machungu yake. Mwaka uliofuata wimbo ukafika mikononi mwa Above & Beyond, kundi lililokuwa bado changa huko London, na rimiksi yao, yaani wimbo uleule walioufuma upya, ikaingia kwenye albamu iitwayo Cyber Trance presents ayu trance, pamoja na kazi za mafundi wengine wa muziki wa dansi uitwao transi.

Wapo wanaodharau rimiksi, wakiiona ni njia ya kuuza wimbo mmoja mara mbili. Biashara imo, sikatai. Avex, kampuni iliyomtoa Hamasaki, ilianza mwaka 1988 kwa kuingiza Japani rekodi za dansi kutoka nje, kwa hiyo soko la kumbi za disko ililijua vizuri. Lakini biashara haiwezi kumfundisha mtu kusikiliza, na kazi hii yote ni kusikiliza.

Fundi wa rimiksi hupewa sauti tupu ya mwimbaji, bila ala. Kinanda, besi na ngoma anaviunda upya. Ugumu unaanzia kwenye mwendo, maana transi hukimbia kwa midundo kama 138 kwa dakika, na mwimbaji hakuimba akiifuata kasi hiyo. Kompyuta itaivuta au kuibana sauti hadi ienee. Fundi akizidisha kidogo tu, sauti inalia kama bati na pumzi za mwimbaji zinamezwa. Ni kama kupunguza kanzu bila kugusa tarizi ya shingoni.

Above & Beyond hawakuigusa tarizi. Ngoma zinaponyamaza katikati ya wimbo, Hamasaki anabaki na vinanda vinavyotandaa taratibu chini yake, na unasikia vizuri jinsi anavyolikaza koo kwenye noti za juu. Hawakuyafunika machungu yale kwa mbwembwe. Wakasubiri, wakapandisha midundo hatua kwa hatua, na besi iliporudi, majonzi yaleyale yakawa yanachezeka.

Kwangu mimi, huo ni utunzi kamili, na aliyeufanya anastahili kuitwa mtunzi. Usikilize kwanza wimbo wa awali, kisha rimiksi, ukifuata sauti peke yake.