Kilio cha yatima katika filme mpya za Japani

Filme tatu za Kijapani zilizotoka katika miaka hii ya karibu zastahili kuangaliwa na sisi tunaofundisha dini. Ya kwanza ni Suzume, ya Makoto Shinkai, iliyotoka katika sinema za Japani mwezi wa Novemba 2022. Ya pili ni ile ambayo Wafaransa waliiita Le Garçon et le Héron, ya mzee Hayao Miyazaki, iliyotoka mwezi wa Julai 2023 na kupata tuzo la Oscar huko Marekani mwezi wa Machi 2024. Ya tatu ni Demon Slayer: La Forteresse infinie, ya Haruo Sotozaki, iliyotoka mwezi wa Julai 2025. Zote tatu ni filme za kuchorwa: hakuna mchezaji anayeonekana kwa mwili, ila sanamu za mafundi zilizopewa mwendo na sauti.

Pengine mmoja wa wasomaji atasema: «Hayo ni mambo ya watoto, tena ya watu wasiomjua Kristu. Sisi tuna kazi nyingine.» Twajibu kwa maneno mawili. Kwanza, vijana wetu wa mijini wanazijua sanamu za Kijapani kuliko tunavyowaza, kwa televisheni na kwa telefone. Wengine wanajua majina ya mashujaa wake mbele ya kujua majina ya mitume. Pili, Baba Mtakatifu Pius XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alitaka Wakristu wafundishwe kuiangalia sinema kwa akili iliyoamka. Kuikimbia tu si kuihukumu, na kuimeza tu si kuihukumu pia.

Filme hizi hazifanani kwa hadithi wala kwa ginsi zilivyochorwa. Lakini katika kila moja yuko mtu aliyefiwa ambaye kilio chake hakijaisha. Basi twaziuliza zote swali moja: mwenye kulia anafarijiwa na nani?

I. Suzume

Suzume ni msichana wa sekondari, anayekaa kusini mwa Japani na Tamaki, mdogo wa marehemu mama yake. Mama alikuwa muuguzi wa hospitali. Alipotea siku ya 11 Machi 2011, wakati tetemeko la nchi na mawimbi ya bahari vilipoangamiza pwani ya kaskazini-mashariki, naye Suzume alikuwa mtoto wa miaka minne. Msiba huo si hadithi: siku ile walikufa watu zaidi ya 15,000, na wengine zaidi ya 2,500 hawajaonekana hata leo. Mtoto hakuona mwili wa mama, hakuona kaburi. Katika daftari lake la utoto, ukurasa wa siku ile umepakwa weusi mtupu.

Msichana huyo akutana na kijana Souta, ambaye kazi yake ni kufunga milango iliyobaki wazi mahali palipoachwa na watu, kwa maana katika milango hiyo hutoka nguvu mbaya inayotikisa nchi. Kuna sharti moja: asiyesikiliza kwanza sauti za watu waliokaa pale zamani, hawezi kufunga mlango. Hilo twaliona kuwa wazo bora katika filme nzima. Ni mara ngapi sisi twataka kufunga mlango wa kilio cha mtu bila kusikiliza? Twafika, twasema «Mungu ametoa, Mungu ametwaa», twatoa baraka, twarudi misioni. Mlango unabaki wazi nyuma yetu. Shinkai aonyesha jambo lingine: alipofika Suzume katika nchi ya kwao, sauti anazozisikia si vilio vya kufa. Ni sauti za asubuhi, za watu wanaoaga nyumbani wakienda kazini na shuleni, wakisema kwamba watarudi jioni. Hakuna maneno makubwa pale, na mwenye kuangalia hawezi kujizuia.

Lakini tazama mwisho. Katika makao ya wafu, Suzume akuta mtoto mdogo anayemtafuta mama yake katika baridi. Mtoto huyo ni yeye mwenyewe wa zamani. Ndiye Suzume mkubwa anayemfariji Suzume mdogo, akimwahidi kwamba atakua, atapenda na kupendwa. Sanamu hiyo ni nzuri, wala hatusemi ni uongo: aliyevuka mto aweza kumwita yule aliye ng'ambo. Hata hivyo kuna upungufu. Mtu hapa anakuwa mfariji wa nafsi yake, na mama anabaki kimya. Tukumbuke Mt. Augustino katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake: siku ya kumzika Monika alijizuia kulia mbele ya watu, na baadaye akafungua machozi mbele ya Mungu. Alilia mbele ya Mwingine. Suzume hana wa kumlilia ila Suzume, nao ni mzigo mzito juu ya mabega ya msichana.

II. Le Garçon et le Héron

Miyazaki alizaliwa mwaka 1941. Baba yake aliendesha kiwanda cha vipande vya ndege za vita, na jamaa yao walihama Tokyo kwa sababu ya vita. Mambo hayo ameyatia katika filme yake. Mahito ni mtoto ambaye mama yake amekufa katika moto wa hospitali ya Tokyo. Baba, mwenye kiwanda cha ndege, ampeleka shambani na kumwoa Natsuko, mdogo wa marehemu, ambaye tayari ana mimba. Mtoto anamwamkia Natsuko kwa adabu yote, na hampendi. Siku moja, baada ya kupigana na wanafunzi wenzake, Mahito aokota jiwe na kujipiga mwenyewe kichwani, damu ikatiririka. Kwa baba asema alianguka tu. Baba haamini, akadhani ni wale wenzake, akaenda shuleni kwa hasira na kutoa fedha. Mtoto anyamaza.

Hapo filme hii inaipita ile ya kwanza. Kwa Suzume, uchungu ni uchungu tu. Kwa Mahito, uchungu umezaa ubaya: uongo, kiburi, tamaa ya kuhurumiwa na kuwaumiza wengine. Mapadri wanaoungamisha wanalijua jambo hilo. Aliyefiwa si mtakatifu kwa sababu amefiwa. Pengine chini ya kilio chake kuna jambo lingine linalooza.

Natsuko apotea katika mnara wa kale, na Mahito amfuata, akiongozwa na korongo mwongo, hata chini ya dunia. Sehemu hii ya katikati ni ndefu na imejaa viumbe wengi mno. Mwenye kuangalia mara ya kwanza atapotea, nasi twaona hapo kasoro ya fundi aliyetaka kusema yote katika filme moja. Zaonekana pia roho nyeupe zinazopanda juu ili zizaliwe. Mkatekista atawakumbusha vijana kwamba Eklezya imekataa tangu zamani fikira ya roho kuishi mbele ya mwili: kila roho yaumbwa na Mungu mwenyewe.

Mwisho wa njia yuko babu mkubwa, mwenye mnara, anayempa Mahito mawe safi yasiyo na ubaya ndani yake, ili ajenge dunia mpya isiyo na vita. Ni kishawishi kikubwa kwa yatima: dunia yako mwenyewe, mbali na moto uliomla mama. Mahito akataa. Aonyesha kovu la kichwani mwake, asema alilifanya yeye mwenyewe, nalo ni alama ya ubaya wake. Kwa hiyo hastahili kuyagusa mawe hayo. Twasema wazi: hiyo ni maungamo. Hakuna padri pale, hakuna sakramenti, jina la Mungu halitajwi. Lakini mtoto atamka kosa lake bila kulazimishwa, na tangu hapo aweza kurudi kwa watu. Yule Himi, msichana wa moto, ambaye ndiye mama yake wakati wa ujana, naye arudi kwa mlango wake, akijua kwamba siku moja atakufa kwa moto. Hachagui kuokoka, achagua kumzaa mtoto huyo. Mkristu hawezi kuangalia hayo bila kuwaza upendo ulio mkubwa kuliko kifo.

III. Mama mdogo

Tusimame hapa kidogo, maana filme hizi mbili zinakutana mahali ambapo sisi, kwa lugha yetu, twapaona upesi kuliko Wazungu. Tamaki ni mdogo wa mama. Natsuko ni mdogo wa mama. Sisi twasema: mama mdogo. Kwa Mjapani, mdogo wa mama si mama. Kumwita hivyo ni hatua ya kupigania. Katika filme zote mbili mwanamke huyu, mpole siku zote, apasuka na kutoa maneno ya kutisha. Tamaki, kwenye maegesho ya magari barabarani, amwambia Suzume kwamba alimpotezea ujana wake. Natsuko, katika nyumba ya kuzalia, amlilia Mahito kwamba anamchukia. Ni saa hiyohiyo, katikati ya matusi, Mahito amwita «mama» kwa mara ya kwanza. Naye Tamaki baadaye akiri kwamba aliyoyasema yalikuwamo moyoni kweli, ila si hayo tu yaliyokuwamo.

Kwetu jina lipo tangu mwanzo. Yatima apelekwa kwa mama mdogo, na sisi twaona kazi imekwisha, kwa kuwa ukoo umemtaja mama mwingine. Filme hizi zatufundisha kwamba jina ni ahadi, na ahadi yaweza kuchoka. Lakini zenyewe zimesahau jambo moja, na twalitia katika hesabu yao: Tamaki na Natsuko nao wamefiwa. Kila mmoja amempoteza dada yake. Mtoto analia, filme nzima yamzunguka. Mama mdogo analea, na karibu hakuna anayemwuliza juu ya kilio chake. Katika mambo hayo Shinkai na Miyazaki si wabaya kuliko sisi. Katika parokia twamfariji yatima, na kwa yule anayemlea twatuma maagizo.

IV. La Forteresse infinie

Filme ya tatu ni ya namna nyingine. Imetolewa katika vitabu vya sanamu vya Koyoharu Gotouge, ni ya kwanza kati ya filme tatu, na kwa dakika 155 mashujaa wanapigana na mashetani walao watu. Katika Japani yenyewe wazazi wanaagizwa kuwaongoza watoto wasiofika miaka 12. Damu ni nyingi, mapigano ni marefu kupita kiasi, na uzuri wa kuchorwa kwake waweza kumfanya kijana apende kipigo chenyewe.

Hata hivyo kuna saa moja ndani yake inayostahili kusikilizwa. Shetani Akaza, anayewadharau wote walio dhaifu, alikuwa mtu zamani, jina lake Hakuji. Aliiba ili anunue dawa za baba yake mgonjwa, na baba akajiua kwa sababu ya aibu ya mwana. Mwalimu mmoja akampokea na kumpa kazi ya kumwuguza binti yake Koyuki; wakachumbiana. Siku Hakuji alipokwenda kwa kaburi la baba kumpasha habari ya ndoa, adui wakatia sumu kisimani, na wote wawili wakafa. Akawaua watu 67 kwa mikono mitupu. Usiku ule mkubwa wa mashetani akamkuta, akamfanya shetani, naye akasahau yote.

Kusahau: hilo ndilo neno la filme hii. Kilio kisicholiwa hakikutoweka, kiligeuka chuki kwa kila aliye dhaifu, kwa kuwa Hakuji alijichukia yeye mwenyewe, asiyeweza kuwalinda wake. Saa ya mwisho aona tena baba, mwalimu na Koyuki; anamkumbatia, naye alia kama mtoto na kuomba msamaha. Hapa, katika filme yenye makelele kuliko zote, mfariji si nafsi ya mtu mwenyewe. Wafu ndio wanaokuja kumchukua. Wajapani wanawapokea wahenga wao kila mwaka katika sikukuu ya Obon, nao wanajua vizuri kwamba kifo hakikati mapendo. Sisi tunaoungama ushirika wa watakatifu, twajua zaidi: twajua ni nani anayewaunganisha.

V. Hukumu yetu

Suzume yaweza kuonyeshwa kwa vijana wote, na mazungumzo baadaye. Le Garçon et le Héron ni kwa vijana wakubwa na watu wazima. Ndiyo bora kati ya tatu, na twaishauri kwa waseminari wanaojifunza kuungamisha. La Forteresse infinie isionyeshwe kwa watoto. Mwenye kuiangalia na vijana awaulize juu ya Hakuji kuliko juu ya upanga.

Zote tatu zakataa faraja ya upesi, nasi twazishukuru. Bwana wetu alijua kwamba karibu atamfufua Lazaro, na hata hivyo alitoa machozi kaburini. Hakuanza kwa kuwanyamazisha Marta na Maria. Ufufuko ambao filme hizi hazijui kuutaja ni wetu kuutangaza, lakini hautangazwi vizuri na mtu asiyekaa kwanza pale chini penye kilio. Mkatekista atakayeitwa kesho kwenye nyumba ya msiba afanye hivi: aketi, amsikilize mtoto, kisha, watu wakianza kutawanyika, amtafute mama mdogo jikoni, amwulize habari za dada yake.