Karata Hupimwa Mgongoni

Agosti 2012, katika kasino ya Crockfords jijini London, mcheza kamari wa Marekani Phil Ivey alishinda takriban pauni milioni 7.7 katika mchezo wa karata wa punto banko, na kasino ikagoma kumlipa. Hakuwa amechora alama kwenye karata wala kuficha moja mfukoni. Yeye na mwenzake walitazama migongo tu. Nakshi ya karata zile ilikuwa imekatwa kiwandani ikapishana kidogo, ukingo mmoja ukabaki na umbo kubwa kuliko ukingo wa pili. Wakamwomba mgawaji azigeuze karata kubwa upande wa pili, kwa kisingizio kwamba wanaamini mambo ya bahati. Tangu hapo wakawa wanajua karata nzuri kabla haijafunuliwa. Shauri lilikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, nayo mwaka 2017 ikasema ule ulikuwa udanganyifu. Ivey hakulipwa.

Mpishano ule, ambao wewe na mimi tusingeuona hata tukiinamia meza, ulitoka kwenye kiwanda chenye mashine za kukata karata usiku na mchana. Sasa mfikirie mtu aliyekaa sebuleni na printa yake na mkasi. Karata nyingi za nyumbani nilizozishika zina uso wa kupendeza: picha safi, herufi zimepangwa, rangi zimekolea. Zigeuze. Moja ina ukingo mweupe mnene kushoto, nyingine kulia, ya tatu imepauka kwa sababu tona ilikuwa inaisha. Mtengenezaji alimaliza nguvu zote kwenye upande ambao mpinzani haruhusiwi kuuona, akausahau ule ambao mpinzani anautazama mchezo mzima. Karata zikiitwa za kitaalamu, maana yake ni kwamba zikilazwa kifudifudi, huwezi kuitofautisha moja na nyingine kwa jicho, kwa kidole wala kwa mwanga wa taa. Uzuri wa uso unafuata baadaye.

Tuchukue mfano wa mchezo rahisi ambao mwalimu au mzazi anaweza kuubuni: methali 27, kila moja imekatwa vipande viwili, jumla karata 54. Zinalazwa kifudifudi, mchezaji anafunua mbili. Akipata “Haraka haraka” na “haina baraka” anazichukua. Ni mchezo wa kumbukumbu, kwa hiyo doa dogo mgongoni linauua. Watoto wakishagundua kwamba ile yenye mkwaruzo ni “Haraka haraka”, hakuna tena anayekumbuka chochote, kila mtu anatafuta mkwaruzo.

Hesabu ya karatasi ndiyo inayoamua mengi kabla hujagusa rangi. Karata ya kawaida ya poka ina upana wa milimita 63.5 na urefu wa milimita 88.9. Kwenye A4 zinaingia tisa, tatu kwa tatu, na seti yetu ya 54 inatimia kwa karatasi sita. Inavutia, lakini kuna tatizo. Ili karata isitoke na uzi mweupe ukingoni, picha lazima ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Ukiongeza ziada hiyo, karata tatu zinachukua milimita 208.5 kati ya 210 za upana wa A4, na printa za kawaida haziwezi kuchapa hadi pembeni hivyo. Ndiyo maana karata za A4 huishia kubanana bila ziada yoyote, na kosa dogo la mkasi linakula karata ya jirani. Kwenye karatasi ya SRA3, yaani milimita 320 kwa 450, zinaingia 18 pamoja na ziada zake. Karatasi tatu, karata 54, hakuna kinachobaki. Mashine inayopokea karatasi hiyo utaikuta kwenye maduka yanayochapa kadi za harusi, Kariakoo au River Road, na ni mashine ya leza yenye uwezo zaidi kuliko printa yako ya nyumbani.

Kuhusu programu sina mengi. Inkscape na Scribus ni za bure na zinatosha. Peleka PDF, usipeleke faili la Word, maana kompyuta ya dukani isiyo na fonti zako itapanga maandishi inavyotaka yenyewe. Kisha simama nyuma ya mchapaji uangalie kitu kimoja kwenye skrini: kuchapa kwa ukubwa halisi, asilimia 100. Kompyuta nyingi huwa zimewekwa zipunguze ukurasa ili uenee kwenye karatasi. Uso ukichapwa kwa asilimia 100 na mgongo kwa 97, hakuna kisu duniani kitakachozilinganisha.

Sasa mgongo wenyewe. Watu hupenda kuuzungushia ukingo mweupe kwa sababu karata nyingi za dukani ziko hivyo. Kwa kazi ya nyumbani ukingo huo ni mtego. Chukua ukingo wa milimita 3, kisha karatasi isogee nusu milimita tu wakati wa kuchapa upande wa pili, jambo ambalo printa hufanya bila aibu. Upande mmoja unabaki na 2.5, wa pili unakuwa na 3.5, na jicho linaliona hilo papo hapo. Ukikimbilia rangi nzito iliyojaa hadi pembeni, unaondoa tatizo hilo na kuleta lingine: ukingo ukianza kulika, weupe wa karatasi unachungulia, na kila karata inalika kwa namna yake. Nakshi ya maumbo makubwa yaliyopangwa sawasawa inakurudisha kwenye shida ya Crockfords, nusu umbo huku, robo umbo kule. Ninachokipendekeza ni madoadoa madogo yasiyo na mpangilio, ya rangi ya kati, yakiacha weupe kidogo katikati yake na kupita mstari wa kukatia pande zote nne. Kisu kikienda kando kidogo, doa moja linapungua na hakuna anayelijua. Karata ikigeuzwa kichwa chini, inaonekana vilevile. Hilo la kuficha uchafu na alama si jipya. Kabla ya karne ya 19 migongo mingi ya Ulaya ilikuwa myeupe mitupu, ikishika kila tone la mvinyo. Thomas de la Rue wa London alipata hataza ya kuboresha utengenezaji wa karata mwaka 1831, na katika karne hiyo migongo yenye nakshi ikazoeleka. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuchapa noti za nchi nyingi, za Kenya zikiwemo.

Karata ya kiwandani si karatasi moja. Ni mbili, zimebandikwa kwa gundi yenye rangi nyeusi au ya kijivu katikati, na giza hilo ndilo linalozuia mwanga kupita. Kadi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ile ya kadi za harusi, ina unene unaofaa, karibu milimita 0.3, lakini ndani ni nyeupe tupu. Iweke mbele ya tochi ya simu na herufi nzito zitasomeka kwa nyuma, japo kinyume. Tiba ya bei nafuu ni kuchapa uso kwa rangi nyepesi na herufi zisizo nene, na mgongo uwe umeshiba madoa.

Kuna njia nyingine ambayo mtu asiye na duka la karibu anaweza kuifanya kwa printa ya nyumbani, na mimi naiona ni ya werevu zaidi. Unachapa nyuso na migongo upande mmoja wa karatasi ya gramu 160, nyuso nusu ya kwanza ya A4, migongo nusu ya pili, kisha unaikunja katikati na kuibandika. Katika kila nusu zinaingia karata nne pamoja na ziada zake. Seti ya 54 inahitaji karatasi 14, na unabaki na karata mbili za akiba. Angalia inachotatua kwa mkupuo: printa haihangaiki na kadi nene isiyoweza kuimeza, unene unajitengeneza wenyewe, gramu 320, mwanga unapata tabaka mbili na gundi ya kupita badala ya tabaka moja, na ulinganifu wa mbele na nyuma hautegemei tena magurudumu ya printa, unategemea mkunjo. Mkunjo uko mikononi mwako. Chukua rula ya chuma na kalamu ya wino iliyokwisha, pitisha ncha juu ya mstari wa katikati hadi uache mfereji, kunja juu ya mfereji huo, shika karatasi dhidi ya dirisha uone kama alama za kukatia zimekutana. Zikikutana, fungua, puliza gundi ya kopo nyembamba na sawia, kisha bandika ukianzia kwenye mkunjo kwenda nje huku ukisukuma hewa kwa kiganja. Gundi nyeupe ya maji iache shuleni. Inalowesha nyuzi za karatasi, na karatasi ikikauka inajikunja kama jani la mgomba juani. Ukishamaliza, weka vitabu vizito juu hadi kesho yake.

Jihadhari tu na mkondo wa nyuzi. Karatasi ina upande unaopinda kirahisi na upande unaokaidi. Usije ukageuza karata mbili zilale ubavu ili zienee kwenye nafasi iliyobaki. Ukichanga utazihisi kwenye vidole, zina ukaidi wa peke yake.

Aina ya wino nayo ina neno lake, hasa Pwani. Printa ya wino wa maji hutoa rangi nzuri, lakini mkono wenye jasho wa Tanga au Mombasa huifuta kidogo kidogo. Tona ya leza ni plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi, maji hayaiwezi, ila pembeni inabanduka isipofunikwa.

Hapo ndipo kijana wa steshenari anapouliza: “Bosi, nikulaminishie?” Kataa. Anazungumzia ule mfuko wa vitambulisho na vyeti, plastiki ya maikroni 125 kila upande. Karata ya milimita 0.3 inakuwa ya 0.55, na seti ya 54 ambayo kiwandani ingesimama kama milimita 16 inafika karibu milimita 30. Huwezi kuichanga, na pembe zake zinachoma. Unachotaka ni filamu ya roli ya maikroni 30 hivi, ile ya majalada ya vitabu na kadi za gharama, nayo ipakwe pande zote mbili. Ikipakwa upande mmoja karata inapinda. Seti inafika milimita 19, mkono unaimudu. Chagua isiyong’aa. Filamu inayong’aa hunata siku za unyevu, na karata mbili zinagawiwa kama moja. Viwanda hulikwepa hilo kwa kukandamiza vishimo vidogo kama vya kitambaa cha kitani juu ya karata, hewa ikae ndani yake na karata iteleze. Nyumbani kitu hicho hakipatikani, na anayekuuzia “karatasi ya kitani” kama suluhisho la kuteleza anakuuzia sura yake tu.

Kukata ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Kisu cha gilotini kikishuka kwenye rundo nene huvuta karatasi, karata ya juu ikatofautiana na ya chini. Karatasi zetu tatu za SRA3 hazina shida hiyo, zinakatwa pamoja. Mwombe fundi aweke kipimo cha upana mara moja, akate safu zote, ndipo ahamie urefu. Kipimo kikikosea nusu milimita, zote 54 zimekosea sawa, na hakuna atakayejua.

Kona zinahitaji uvumilivu wa namna hiyohiyo. Mchezo wa karata wa Magic: The Gathering ulipotoka Agosti 1993, ukiwa umechapwa na Carta Mundi wa Ubelgiji, toleo la kwanza, Alpha, lilikuwa na kona za mviringo zaidi kuliko Beta lililofuata Oktoba. Mgongo ule ule, mchezo ule ule, lakini karata ya Alpha ndani ya seti ya kawaida ilijulikana kwa kuigusa tu. Kanuni za mashindano zikataka seti nzima iwe ya Alpha, au karata zote zivikwe mifuko isiyopitisha mwanga. Tofauti ilikuwa ya kona peke yake. Wewe una kona 216 za kukata. Nunua kikata kona cha milimita 3, kata karata mbili mbili, na usibadilishe kifaa katikati ya kazi.

Kama mchezo wako bado unabadilika kila wiki, yote haya ni gharama ya bure. Nunua kwa machinga pakiti ya karata za bei rahisi, chapa nyuso kwenye karatasi ya stika, zikate ndogo kwa milimita 2 kuliko karata, bandika juu ya shupaza na kopa. Umepata mgongo wa kiwandani, giza la katikati na kona zilizokatwa kwa mashine, vitu vitatu ambavyo wewe huviwezi, kwa bei ya chini kuliko kuchapa. Stika itaanza kunyanyuka pembeni baada ya muda, lakini kwa majaribio inatosha kabisa.

Mchezo ukishatulia, nenda dukani uchape seti yote kwa mara moja, tona moja, karatasi za furushi moja. Lipia na karatasi ya nne yenye migongo tu, uikate pamoja na zile tatu. Ikipotea karata mwakani, utakuwa na mgongo wa akiba, maana mashine ile ile haitakupa tena rangi ile ile.