Watoto Watano, Sio Kumi na Watatu

Tangu niache chuo mwaka wa pili, kazi inayonilipia nyumba ni kusikiliza sauti za watu zilizorekodiwa na kuzichapa. Unasikiliza, unachapa, unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Malipo ni kwa dakika. Mwaka jana nilipewa mahojiano na akina mama wa soko. Mmoja wao, mama mboga, aliongea dakika 40, na karibu zote zilikuwa hesabu: gunia la sukuma alinunua pesa ngapi, kanjo walichukua ngapi, chama kilimkopesha ngapi, jioni alibaki na ngapi. Alicheka mara mbili. Nilipotuma kazi, ilirudi na maagizo: punguza hizo hesabu, msomaji anataka kusikia uchungu wake.

Nilikuwa nimesota. Nikapunguza hesabu. Nikaandika "kwa machozi" mahali ambapo yule mama hakulia.

Ndiyo maana niliposoma matoleo mawili ya hotuba ya Sojourner Truth, moja baada ya jingine, nilihisi kama mtu aliyefumaniwa.

Hotuba hiyo wengi wetu tunaijua, hata kama hatujui kwamba tunaijua. Ni ile ya mwanamke Mweusi wa Marekani anayewauliza watu, tena na tena, kama yeye naye si mwanamke. Iko kwenye mabango, iko kwenye fulana, na mwaka 1981 bell hooks alilichukua swali hilo likawa jina la kitabu chake. Ukiomba historia ya mwanzo ya kupigania haki za wanawake kwa dakika mbili, utapewa swali hilo.

Na kuna sababu. Historia hiyo Marekani huanzishwa Seneca Falls, New York, Julai 1848, ambako watu 100 walitia sahihi tamko la kudai usawa. Mwanamume Mweusi alikuwepo, Frederick Douglass. Mwanamke Mweusi hajulikani hata mmoja aliyekuwa ukumbini. Kwa hiyo miaka mitatu baadaye, mwezi Mei 1851, Truth anaposimama kwenye mkutano wa haki za wanawake mjini Akron, Ohio, anabeba mzigo mkubwa. Hotuba moja inatakiwa kuziba pengo lote lile.

Sasa tuje kwenye maandishi. Truth hakujua kusoma wala kuandika. Maneno yake yametufikia kupitia mikono ya wengine, na mikono miwili ndiyo inayotuhusu hapa.

Wa kwanza ni Marius Robinson, mhariri wa gazeti la Anti-Slavery Bugle, ambaye alikuwepo mkutanoni. Alichapisha hotuba hiyo tarehe 21 Juni 1851, wiki chache tu baadaye. Kabla ya kuanza anakiri kwamba haiwezekani kuihamishia hotuba ile kwenye karatasi ikabaki na nguvu iliyokuwa nayo ukumbini. Mimi ninayefanya kazi hii nasema: mwandishi anayekubali hivyo mapema, mwamini kidogo.

Wa pili ni Frances Dana Gage, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wenyewe. Toleo lake lilitoka Aprili 1863, miaka 12 baadaye, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi huohuo Harriet Beecher Stowe alikuwa na makala maarufu kuhusu Truth katika Atlantic Monthly. Toleo la Gage ndilo lililoingizwa katika ile historia kubwa ya harakati za kura ya wanawake, juzuu ya kwanza, 1881. Kutoka hapo likaingia vitabuni, na kutoka vitabuni hadi kwenye fulana.

Lile swali maarufu liko kwa Gage, mara nne. Kwa Robinson halipo hata mara moja.

Hebu tuone tofauti inafanya nini. Kwa Robinson, Truth haulizi. Anaanza kwa kujitangaza kwamba yeye mwenyewe ndiye haki za wanawake, halafu anaorodhesha kazi: amelima, amevuna, amekata, anabeba kama mwanamume na anakula kama mwanamume akipata chakula. Anafika kwenye akili, anaifananisha na vipimo. Kama mwanamume ana kipimo kikubwa na mwanamke ana kidogo, mbona basi mwanamke asijaziwe hicho chake kidogo? Waza gorogoro na kikombe. Halafu anawatania wanaume wasiwe na wasiwasi, hawatachukua zaidi ya kitakachoenea humo. Anamalizia kwa kuwahurumia, ati wamebanwa: huku mtumwa anawajia, huku mwanamke anawajia. Huyu ni mtu anayejadiliana, anacheka, anapiga hesabu.

Gage anayo hoja ya vipimo pia, lakini ameiongezea. Kwake Truth anafunua mkono watu waone misuli. Anataja viboko. Anataja watoto 13 aliozaa, karibu wote wakauzwa utumwani, na kilio chake cha mzazi. Kwa Robinson viboko havipo na watoto hawapo. Na katika kitabu cha maisha yake, alichokisimulia kwa Olive Gilbert kikachapishwa 1850, watoto wa Truth ni watano.

Halafu kuna lafudhi. Gage amempa Kiingereza kilichovunjwavunjwa, kile ambacho wasomaji wa wakati ule walitarajia kwa mtumwa wa mashamba ya kusini. Lakini Truth hakutoka kusini. Alizaliwa mtumwa katika kaunti ya Ulster, jimbo la New York, kwenye nyumba ya watu waliozungumza Kiholanzi, na Kiholanzi ndicho kilichokuwa lugha yake ya kwanza. Ni kama umsikilize nyanya wa Lamu halafu umwandikie Kiswahili cha bara cha vichekesho vya televisheni, kwa sababu unaamini ndivyo mtu wa kawaida anavyostahili kusikika.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Viboko vilikuwa vya kweli. Truth mwenyewe alisimulia kwamba akiwa mtoto wa miaka kama tisa aliuzwa kwa watu waliozungumza Kiingereza, akawa anapigwa kwa sababu haelewi anachoagizwa. Gage alimwongezea viboko kwenye hotuba ambayo kwa Robinson haina viboko, halafu akamfutia lugha iliyomfanya achapwe. Uchungu ukabaki, mwenye uchungu akabadilishwa.

Kuna watakaosema namwonea Gage. Alikuwa upande wa Truth, na bila swali lile pengine jina la Truth lingebaki kwenye makabati ya magazeti ya zamani. Nakubali. Pia sijui mwanamke yeyote aliyejiona kwenye swali lile ambaye ningemwambia alirudishe. Swali lenyewe limefanya kazi kubwa. Lakini lisomwe kama maandishi ya Gage ya mwaka 1863 kuhusu Truth, na chini yake liwekwe jina la Gage. Tukiendelea kulisoma kama sauti ya Truth, tunajifunza kwamba mwanamke maskini akisimama mbele ya watu huomba atambuliwe. Robinson anatuonyesha mwanamke ambaye haombi kutambuliwa. Anadai ajaziwe kipimo chake.

Na kama unauliza Truth mwenyewe alitaka kuonekana vipi, ushahidi upo. Alikuwa akiuza picha zake kujikimu, na mwaka 1864 alizisajili kwa jina lake mwenyewe. Humo amekaa wima, miwani machoni, nguo nadhifu, sufi ya kufuma mikononi. Hakuna mkono uliofunuliwa wala misuli. Mtu asiyejua kuandika alipata njia ya kuhariri, na alichochagua ni utulivu.

Hapa kwetu tatizo ni lilelile. Machi 1922, Harry Thuku alipokuwa amekamatwa na umati ukiwa nje ya kituo cha polisi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliotaka kurudi nyumbani, akawaambia wampe suruali zao wachukue nguo yake. Aliuawa siku hiyohiyo. Yeye hakupata hata nafasi ya kumsimulia mtu kama Olive Gilbert. Maneno yake tunayo kupitia kumbukumbu za wanaume waliokuwepo. Sisemi wamedanganya. Nasema tunaponukuu, tuseme pia ni nani anayetusimulia, kwa sababu tumebaki na sentensi moja ya hasira, na mwanamke mzima lazima alikuwa na zaidi ya hasira.

Baada ya kusoma matoleo yale mawili nilirudi kwenye sauti ya mama mboga. Bado ninayo. Ripoti ilishatoka na machozi yangu ndani yake, sina uwezo wa kuyatoa. Nilichoweza ni kuchapa upya dakika zote 40, na hesabu zote, na vicheko viwili. Nikaomba namba yake kwa aliyemhoji, nikampigia, nikajieleza, nikamsomea.

Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Hapo kwa kanjo umeandika mia tatu. Sio mia tatu. Ni mia tatu na hamsini."

Nikarekebisha.