Jina la Mtu na Jina la Baba Yake

Desturi ya kutafuta maana ya majina kwa njia ya kamusi imeenea sana, na vijitabu vya kuwasaidia wazazi kuwachagulia watoto majina havikosekani madukani. Msomaji hufungua akakuta kwamba Juma ni Ijumaa, Shaabani ni mwezi wa 8 wa Kiislamu, Faraji ni nafuu baada ya dhiki, na Tatu ni hesabu. Yote hayo ni kweli, wala hapana wa kuyakanusha. Lakini maelezo ya namna hiyo yaacha jambo lililo kubwa zaidi, kwani neno lina maana yake katika lugha, na jina lina maana yake katika tendo la kumpa mtu. Kijana wa Kariakoo aitwaye Juma huenda alizaliwa Jumanne. Jina ni la babu yake mzaa baba, na mama yake, kwa kuwa hawezi kutamka jina la mkwewe, humwita mwanawe "baba" tangu kunyonya hata kuoa. Hapo Ijumaa haimo kabisa. Kilichomo ni heshima ya ukwe, na kamusi haina mahali pa kuiandika.

Mji wa Dar es Salaam wafaa sana kuijaribia hoja hii. Pale mlangoni pa bandari, watu wanapovuka kwenda Kigamboni, pana majina mawili ya jambo moja: Kivukoni, ambalo ni la Kiswahili, na Feri, ambalo ni la Kiingereza lililovishwa Kiswahili. Mtu wa kamusi atasema ni visawe. Mkazi wa mji hasemi hivyo. Kwake Feri ni samaki, ni mnada wa alfajiri, ni wachuuzi na mama lishe; Kivukoni ni jina la kata na la njia ya maofisi ya serikali. Maneno yamekuwa na maana moja, majina yamegawana watu.

Kariakoo ni mfano ulio mzito zaidi. Jina hilo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi wa mizigo, Carrier Corps, waliokusanywa mahali hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwezi wa Septemba 1916. Hayo yanajulikana na wengi. Yasiyotazamwa sana ni majina ya mitaa iliyo jirani. Katika mitaa hiyo yamo Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa, na majina hayo matatu ni ya mahali palipopiganwa kusini ya nchi katika mwaka mmoja wa 1917: Narung'ombe mwezi wa Julai, Tandamti mwezi wa Agosti, Mahiwa mwezi wa Oktoba. Mapigano matatu ya vita vile vile, katika mtaa wenye jina la wachukuzi wa vita vile vile, si bahati nasibu. Anayenunua kitambaa katika mtaa wa Narung'ombe amesimama juu ya ukumbusho bila kujua.

Lakini ni ukumbusho wa namna gani? Wachukuzi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Kazi yao imepewa mtaa, na mapigano yamepewa barabara. Watu wenyewe hawakupewa kitu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 imeandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yawasifu askari na wachukuzi, wala haimtaji hata mmoja wao kwa jina. Mahali hapo hapo Wadaachi walikuwa wamemweka Wissmann, naye alikuwa na jina.

Hapa ndipo swali la majina linapoacha kuwa burudani ya wazazi. Kumtaja mtu kwa jina lake na la baba yake ni kukiri kwamba ana asili, na aliyenyimwa jina la baba amenyimwa sehemu ya utu wake. Jambo hili watu wa pwani walilijua vema, maana waliishi na utumwa. Katika misafara ya karne ya 19 alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa Uhindini, akarudi na jina la mji mahali pa jina la baba. Alikuwapo pia Mabruki Speke. Mabruki ni jina la baraka, lakini Speke ni Mzungu aliyemwajiri. Nafasi ya mzazi imekaliwa na bwana. Kamusi itafasiri neno Mabruki vizuri sana, kisha itanyamaza palipo na msiba.

Kwa sababu hiyo kisa cha Siti binti Saad kinastahili kutazamwa upya na wanafunzi wa fasihi, ambao aghalabu humsoma kama mwimbaji tu. Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Alipokwisha kujulikana mjini kwa sauti yake akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo santuri zake za mwaka 1928 zikaenea pwani nzima. Wengi husema kwamba alibadili jina. Kweli, lakini yafaa kuona alichobadili na alichokiacha. Nusu ya kwanza ilipinduliwa, kutoka chini kabisa hata juu kabisa. Nusu ya pili, binti Saad, haikuguswa. Angaliweza kuongezewa nasaba ya kubuni, kama walivyofanya wengine wengi waliotaka kupanda daraja. Heshima yake mpya ikabaki imefungwa kwa baba yule yule wa Fumba, na Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliweka nusu zote mbili katika anwani ya kitabu.

Hata jina Mtumwa lenyewe halisomeki kwa urahisi. Pwani, majina kama Mtumwa na Kijakazi yaliweza kupewa mtoto mwungwana, hasa aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa, ili jicho baya limdharau limwache. Basi jina moja laweza kuwa alama ya unyonge katika nyumba hii na hila ya mapenzi katika nyumba ya pili. Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ametumia utata huo kwa ustadi kuliko alivyosifiwa. Bwana ana jina lake, na juu ya jina ana Mwinyi, cheo cha umilki. Mtumishi wake msomaji amjua kwa jina la Kijakazi. Hakuna awezaye kuamua kama hilo ni jina alilopewa na wazazi au ni kazi yake iliyogeuzwa kuwa jina, na kutoweza kuamua huko ndiko kunakoeleza maisha ya kasri lile.

Ukilinganisha na hayo, majina ya Shaaban Robert yana udhaifu ambao wahakiki wamekuwa wakiuheshimu mno. Katika Adili na Nduguze (1952) ndugu watatu wa baba mmoja waitwa Adili, Hasidi na Mwivu. Mzazi gani humpa mwanawe mchanga jina la Hasidi? Jina limetoka mwisho wa hadithi likarudi mwanzo. Mwandishi aliujua mwenendo wa mtu kabla ya kumzaa. Itasemwa kwamba hiyo ni desturi ya istiara, na ni kweli. Lakini ni desturi inayokwenda kinyume cha jinsi Waswahili wanavyotoa majina. Jina la Tabu halisemi kwamba mtoto ni mtaabishaji. Lasema kwamba mama alitaabika. Sikudhani, Mashaka, Siwatu, Chausiku: yote yaeleza saa, nyumba, majirani, mimba ilivyokuwa, wala hayamtabirii mtoto tabia. Jina la Kiswahili ni habari ya waliokuwapo kabla ya mwenye jina. Euphrase Kezilahabi alilifahamu hilo katika Rosa Mistika (1971). Rosa amepewa jina la sifa ya Bikira Maria itokayo katika litania, na maisha yake yakawa mbali na sifa hiyo. Uzito wa riwaya watoka katika umbali huo, ambao Hasidi na Mwivu hawana.

Ajabu ni kwamba jina la Shaaban Robert mwenyewe lina kisa kizuri kuliko ya wahusika wake: mwezi wa Kiislamu ukafuatwa na jina la Kizungu la baba, naye ni Mwislamu na mshairi wa Kiswahili. Wapo wapendao kugawa majina mafungu mawili, ya kiasili na ya kigeni, wakatoa hukumu. Fungu la Shaaban Robert ni lipi? Na la Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mjini Dar es Salaam mwaka 1929? Kleist ni jina la ukoo kwa Wadaachi, na Sykes ni jina la ukoo kwa Waingereza. Lakini kwake Kleist lilikuwa jina lake mwenyewe, na Sykes lilikuwa jina la baba yake, Sykes Mbuwane, Mzulu aliyetoka Msumbiji na jeshi la Wissmann. Majina mawili ya koo za Ulaya yakapangwa kwa sarufi ya Kiswahili: fulani wa fulani. Mwanawe akawa Abdulwahid Kleist Sykes, yaani yeye, baba, babu. Kisha mpango ukasimama. Sykes halikusogea tena, likawa la wote wa nyumba hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Nyerere pia. Wasimulizi wa maisha yake wasema kwamba baba yake, Nyerere Burito, aliitwa hivyo kwa sababu ya viwavi waliovamia mashamba alipozaliwa, na kwamba mtoto aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua, maana mvua ilinyesha sana siku hiyo. Julius likaja na ubatizo mwaka 1943. Viwavi wa msimu mmoja wa Uzanaki wamekuwa jina la ukoo, na la uwanja wa ndege.

Kilichousimamisha mpango huo ni karatasi. Fomu ya ofisi yataka jina la kwanza, la kati na la ukoo, na mtu wa pwani, asiye na jina la ukoo kwa maana hiyo, huandika la babu yake. Katika mambo ya siku zote hakuna madhara. Lakini magazeti ya ng'ambo yamwita Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la "Hassan", yakidhani yanamheshimu. Suluhu ni baba yake na Hassan ni babu yake, na Watanzania wamwitao Mama Samia ndio wanaomtaja yeye. Ikumbukwe kwamba mwanamke wa pwani haachi jina la baba kwa kuolewa. Bibi Titi Mohamed alibaki wa Mohamed, na mwenzake katika kazi ya TANU ya miaka ya 1950 alikuwa Tatu binti Mzee. Kama Tatu ni binti wa tatu au ni aliyezaliwa Jumatatu, hilo walijua wa nyumbani kwao.

Vyuo vikuu havina udhuru katika jambo hili. Orodha za maktaba zamweka mshairi mkuu wa Kiswahili chini ya "Robert, Shaaban", na tasnifu zasema "Robert anaeleza", ingawa Robert hakuandika hata ubeti mmoja wa vitabu hivyo. Mtunzi wa Kasri majalada mengine yamwita Adam Shafi, na mengine Shafi Adam Shafi, kisha mtunza orodha akamgawa watu wawili. Waarabu na Waethiopia wana kanuni zao za kuorodhesha, na maktaba za dunia zimezikubali. Kwa waandishi wa Kiswahili wenye jina lao na la baba yao, orodha ianze na jina lao: Shaaban Robert chini ya Sh, Siti binti Saad chini ya S, na Titi Mohamed chini ya T.