Yakwama Pale Pale, au Popote?

Fundi alipobisha hodi nyumbani kwa shangazi yangu, Mji wa Kale, Mombasa, sisi tulikuwa tumeshampangia kazi. Kompyuta inayokaa chini ya televisheni tulikuwa tumeivuta mbele, skrubu za kifuniko tumezilegeza, na kila mmoja wetu ana hukumu yake mkononi. Kaka yangu alisema ni ruta. Binamu akasema ni virusi. Mimi nilisema kompyuta imechoka, inunuliwe nyingine. Fundi akasalimu, akavua viatu, akapokea kahawa, akakaa. Hakugusa chochote. Alimgeukia shangazi, kwa kuwa ndiye mwenye kuitumia, akamwuliza:

"Mama, picha ikikwama, yakwama pale pale kila mara, au popote?"

Shangazi alifikiri kidogo. "Ile ya harusi pale pale, mwanangu. Bibi harusi akianza tu kutolewa, picha yaganda. Hizi filamu kubwa kubwa za hawa vijana ndizo zaganda popote, tena huko juu chumbani. Hapa chini zaenda."

Fundi akatoa daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika "pale pale", upande wa pili "popote". Akakoroga kahawa yake. Sisi tulikuwa na tatizo moja na majibu matatu. Yeye kwa swali moja alishajua kuwa matatizo ni mawili.

Kompyuta yenyewe si ya ajabu. Ni mashine ya kawaida, isiyo na kelele, iliyounganishwa na televisheni na kujazwa kila ambacho nyumba ile hupenda kukitazama. Inaendeshwa na Kodi, programu iliyoanzia kwenye mashine ya michezo ya Xbox mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikiitwa XBMC, ikapewa jina la sasa mwaka 2014. Ndani yake mna filamu za Kihindi, mna taarabu, na mna kanda za VHS za harusi za ukoo mzima, zilizohamishiwa kwenye faili kabla hazijaota ukungu. Juu chumbani kuna televisheni ya pili yenye kisanduku kidogo kinachovuta picha kutoka chini kwa waya uliopandishwa pembeni mwa ngazi. Waya ulihitajika kwa sababu kuta za nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba wai-fai hufika upande wa pili imechoka, hasa ile ya gigahezi 5 ambayo ina kasi lakini haipendi ukuta.

Sasa hebu tuifuate picha moja safari yake. Inatoka kwenye sahani ya diski, inapita waya mfupi hadi ubao mama, inashikwa na programu, inakabidhiwa kadi ya mtandao, inapanda waya, inapitia swichi, inaingia kisandukuni, ndipo imfikie mtazamaji. Vituo vyote hivyo, kila kimoja kwa ugonjwa wake, huonyesha dalili ileile: picha imeganda. Anayebahatisha ana nafasi nyingi za kukosea, na kila akikosea hununua kifaa. Ndiyo maana swali la fundi lilikuwa zuri mno. Diski ina mahali, waya hauna. Dakika ile anapotolewa bibi harusi imeandikwa sehemu moja tu ya sahani, na sehemu hiyo ikiumwa, picha itakwama hapo leo, kesho na mwakani. Lakini kwenye waya dakika hiyo hupita kama dakika nyingine yoyote. Kinachokwama pale pale kitafutwe penye mahali. Kinachokwama popote kitafutwe njiani.

Akaanza na diski, akatueleza sababu: ruta hununuliwa dukani, harusi hainunuliwi.

Kabla hajaizima kompyuta, aliiuliza diski hali yake. Diski nyingi za leo hujiwekea kumbukumbu ya afya yake, kwa utaratibu uitwao SMART. Wengi hutazama neno la jumla tu, kwamba diski ni nzima au si nzima, wakaridhika. Yeye neno hilo alilipita, akashuka kwenye mistari. Mstari wa 5 unahesabu sekta zilizokwisha kufa na kupewa mbadala. Mstari wa 197 unahesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua hatima yake. Mstari wa 199 unahesabu data iliyoharibikia njiani, kati ya diski na ubao mama. Kwetu 199 ilikuwa sufuri, na 197 ilikuwa imepanda.

"Ingekuwa kinyume," alisema, "ningebadilisha huu waya mdogo nikaenda zangu." Diski nyingi hutupwa kwa dhambi ya waya, akatuambia, kwa sababu hakuna aliyesoma mistari miwili mahali pa mmoja.

Kisha akaizima, mara moja tu. Diski inayoumwa haizimwi na kuwashwa ovyo, maana huenda isiamke tena. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika au zaidi, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, pengo ambalo hata unyuzi wa moshi haupenyi. Diski ya kwanza kabisa, ile ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, ikabeba herufi milioni tano. Hizo zingetosha takriban sekunde moja tu ya filamu ya Blu-ray. Hii ya shangazi hutoshea kiganjani na hubeba terabaiti mbili. Fundi aliitoa kwa vidole vya mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

Hapo ndipo kaka alipopendekeza tuendeshe ile programu ya kutengeneza diski iliyomo kwenye kila kompyuta. Fundi akatikisa kichwa. Programu ya kutengeneza huandika, na kuandika juu ya diski inayokufa ni kumsimamisha mgonjwa ili umtandikie kitanda. Kwanza kuokoa, kutengeneza baadaye. Akaichomeka diski ile kwenye kompyuta yake, pembeni akaweka mpya tupu, akawasha programu huru iitwayo GNU ddrescue.

Napenda namna programu ile inavyofikiri, kwa sababu inafikiri kama fundi mwenyewe. Haisomi kwa pupa kuanzia mwanzo hadi ikwame. Huchukua kwanza kila kilicho rahisi. Ikifika penye ugumu, hairuki bila kuacha alama: huandika kwenye ramani kwamba hapa pamenishinda, nitarudi, kisha husonga mbele. Kila kizima kikishahifadhiwa, ndipo hurudi penye ugumu, ikipunguza kipande kidogo kidogo, ikijaribu kutoka mbele, ikijaribu kutoka nyuma. Umeme ukikatika, ramani ipo. Kazi huendelea ilipoishia. Diski nzima ya terabaiti mbili hunakiliwa kwa saa nne au tano. Hii tuliiacha usiku kucha, na feni ya mezani ikiipulizia.

Asubuhi fundi alirudi kushughulikia upande wa pili wa daftari.

Mfumo wa kompyuta unakaa kwenye diski nyingine ndogo, kwa hiyo mashine iliwaka bila ile ya filamu, na hilo ndilo alilolitaka: kuupima mtandao peke yake, diski ikiwa haimo kabisa kwenye hesabu. Anayo programu iitwayo iperf, ambayo hutuma data tupu kutoka kumbukumbu ya mashine moja hadi nyingine na kutaja kasi, megabiti ngapi kwa sekunde. Akakishusha kisanduku cha juu, akakiunganisha na kompyuta kwa waya wake mwenyewe, mfupi, anaouamini. Namba ikasoma 940. Akaingiza swichi katikati. 940. Kisha akakirudisha kisanduku juu, akachomeka ule waya wa ngazini. 94.

Alitabasamu. Mimi niliona namba ndogo tu. Yeye alisoma sahihi ya mtu anayemjua. Waya wa mtandao wa kawaida una nyuzi nane, jozi nne. Mtandao wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Wa megabiti 1,000 huzihitaji zote nne. Uzi mmoja ukikatika katika jozi zile mbili za ziada, kadi nyingi hazikati mawasiliano. Hukubaliana kimya kimya kushuka hadi 100, na ukitoa mzigo wa vifungashio vya safari, 100 husomeka 94. Ingekuwa 60 inayopanda na kushuka, angetafuta kitu kingine. Namba tulivu ya 94 ilimwambia waya una kidonda, na takriban nyuzi zipi azitazame.

Ikaeleza pia malalamiko ya shangazi neno kwa neno. Harusi ya VHS huhitaji megabiti chache kwa sekunde, hupita hata mlango ukiwa nusu. Filamu ya 4K iliyotoka kwenye diski ya Ultra HD Blu-ray, penye vurugu nyingi kwenye picha, huweza kufika 128. Mlango wa 94 hauipitishi. Ndiyo maana zilikwama filamu kubwa tu, popote palipo na vurugu, na huko juu tu. Hapa nitaje kwamba kabla yake alikuja mtu mwingine, akatuuzia ruta mpya. Haikuwa mbovu. Ilikuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi alilala kifudifudi nyuma ya kabati la chumbani, tochi mdomoni, akakitoa kichwa cha waya. Penye uzi wa kahawia palikuwa na kutu ya kijani. Dirisha lile linatazama bahari, na hewa ya chumvi huifanyia shaba kazi yake bila haraka. Akakikata kichwa. Akakwaruza uzi mmoja kwa wembe, akautazama penye mwanga: ulikuwa mwekundu hadi ndani. Siku hizi kuna nyaya za alumini zilizovikwa ngozi ya shaba, na hizo hakuna kichwa kitakachoziponya. Huu ulikuwa wa shaba kweli, ukastahili kuokolewa.

Kisha nikamtazama akizipanga nyuzi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Hakuzisokotoa zaidi ya sentimita moja na kidogo, kwa sababu msokoto ndio ngao ya jozi dhidi ya kelele za umeme. Ukiufungua mrefu umefungua dirisha. Akazinyoosha kwa kidole gumba mpaka zikalala kama ukili unaoandaliwa mkeka, akazikata sawasawa kwa pigo moja, akazisukuma kichwani, akazihesabu tena kupitia ile plastiki angavu, ndipo akabana. Koleo likalia mara moja. Akapima: 940.

Nimefikiri sana tangu siku ile ni nini hasa nilichokiona, na naamini ni kujizuia. Vifaa vyake vingi vinapatikana bure. Programu zile mbili, ddrescue na iperf, mtu yeyote anaweza kuzichukua. Ambacho hakichukuliwi ni ile mikono iliyokaa juu ya magoti huku akiuliza. Ile tabia ya kubadilisha kitu kimoja, kupima, na kuandika, kabla ya kugusa cha pili. Sisi tungebadilisha vitatu kwa pamoja, na hata tungepona tusingejua dawa ni ipi. Lugha yetu imeyakalisha maneno fundi na kufunda mlango mmoja, na nadhani si bure: hakuna fundi ambaye hakufundwa kwanza kuizuia mikono yake.

Diski mpya iliingia mahali pake jioni. Sekta chache hazikusomeka kabisa, na alitwambia wazi kuwa hizo zimekwenda. Akainakili mpya juu ya nyingine tena, ikawekwe kwa kaka, mtaa wa mbali. Ile ya zamani hakuitupa. Aliifunga, akaandika tarehe, akamkabidhi shangazi. Nilidhani amemaliza, maana namba zote zilishakubali. Nikatoa bahasha.

"Bado," alisema. "Mama hakuniita kwa ajili ya namba."

Akaiwasha harusi. Hakuisogeza mbele. Akasimama karibu na mlango, mkoba begani, akaitazama pamoja nasi tangu mwanzo: vigoma, wageni, vijana wa zamani ambao sasa ni wazee au hawapo. Pazia likafunguka. Bibi harusi akaanza kutolewa, picha ikayumba kidogo, kwa muda wa kupepesa jicho, kisha akaendelea kutembea. Shangazi alikuwa amekiziba kinywa kwa mtandio. Fundi akangoja hadi bibi harusi akakaa. Ndipo akafungua daftari, na chini ya neno "pale pale" akachora alama moja ya vema.