Ikoroge Mpaka Iyeyuke: Maelekezo ya Kiswahili Yanapompoteza Msomaji

Wengi wa wanafunzi wetu huja chuoni wakiwa tayari na Kiswahili cha aina moja masikioni, yaani Kiswahili cha amri. Hapa Uganda lugha hii ilitembea na askari kwa muda mrefu, tangu enzi za King's African Rifles, na hata mtu asiyejua kujibu salamu anajua "simama", "lala chini" na "toa kitambulisho". Kwa sababu hiyo, tunapofika kwenye somo la kuandika maelekezo, darasa huchangamka na kudhani limepata mteremko. Sisi tunaona kinyume. Anayetoa amri anakuona; ukikosea atakurekebisha papo hapo, pengine kwa kofi. Anayeandika maelekezo hayupo wakati yanaposomwa, na msomaji akikosea hakuna wa kumshika mkono.

Muhula uliopita tuliwaomba wanafunzi wa mwaka wa pili walete darasani maelekezo yoyote ya Kiswahili watakayoyaokota nyumbani au dukani. Hayakuwa magumu kupatikana, kwani bidhaa nyingi zinazouzwa Kampala hutoka Kenya na Tanzania. Meza ilijaa: unga wa uji, dawa ya mbu, sabuni, bahasha za dawa, vijitabu vya redio. Tuliweka sharti moja tu. Mwanafunzi asieleze maana ya maneno, bali afanye linalosemwa, wenzake wakimtazama.

Kilichotusumbua zaidi kilikuwa kipakiti kidogo cha ule unga wa chumvi na sukari anaopewa mtu anayeharisha, ambao wengi huuita ORS. Maelekezo yake, kwa muhtasari, yalikuwa haya: changanya pakiti na lita moja ya maji yaliyochemka, ikoroge mpaka iyeyuke, mpe mtoto baada ya kila choo, itupwe baada ya saa 24. Hakuna neno hata moja hapo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halijui. Hata hivyo, kati ya vikundi vinne vilivyojaribu, viwili vilimimina unga kwenye maji yanayotokota.

Kosa lao si la kuchekwa. "Maji yaliyochemka" yanaweza kuwa maji yaliyofikia kutokota sasa hivi, na yanaweza kuwa maji yaliyochemshwa jana usiku yakapoa. Mwandishi alikuwa na picha ya pili kichwani. Angeandika "yaliyochemshwa na kupoa" angekuwa amemaliza, lakini kwake yeye kupoa kulikuwa jambo la wazi mno hata halikustahili wino. Tumeona mara nyingi kwamba hatua inayosahaulika ndiyo ile ambayo mwandishi amekwisha kuizoea.

Tuje kwenye "ikoroge" na "itupwe", kwani hapa ndipo sarufi yetu inapohusika moja kwa moja. Kiambishi i- kinarejelea nini? Katika sentensi iliyotangulia, ukiacha lita ambayo ni kipimo tu, nomino ya ngeli ya I-ZI iliyotajwa ni moja: pakiti. Kwa hiyo, kwa kufuata sarufi, tunakoroga pakiti mpaka iyeyuke, na baada ya saa 24 tunaitupa. Msichana mmoja aliuliza, kwa dhati kabisa, kama pakiti nyingine zilizobaki kabatini nazo zitupwe zikishamaliza siku moja tangu zinunuliwe. Darasa lilicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu alisoma sawasawa na ilivyoandikwa. Mwandishi alikuwa anafikiria "dawa", neno ambalo nalo ni la I-ZI, ila hakulitaja popote.

Mara nyingi tunawaambia wanafunzi kuwa upatanisho wa kisarufi ni mzigo wa kubeba hadi mtihani upite. Zoezi hili lilituonyesha faida yake. Ngeli ni kamba ya kumwongoza msomaji, mradi mwandishi achague nomino moja ya kuifungia. Katika pakiti hii nomino inayofaa ni maji, kwa sababu kiambishi ya- hakigongani na kitu kingine chochote mezani: si pakiti, si unga, si kijiko, si kikombe. Kikundi kimoja kiliandika upya hivi:

"Chemsha lita moja ya maji. Yaache yapoe. Yakishapoa, mimina humo unga wote wa pakiti moja. Yakoroge mpaka unga usionekane tena. Usiyachemshe tena. Kila mtoto anapoharisha, mpe ayanywe kidogo kidogo. Yatakayobaki baada ya saa 24, yamwage."

Ni sentensi fupi, pengine fupi kupita kiasi kwa mwalimu wa insha, lakini mtu hapotei. Tazama pia kwamba neno "wote" limeingia. Ukiweka nusu ya unga katika lita nzima, dawa inakuwa hafifu; ukiweka unga wote katika nusu lita, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Kilichobaki ni vipimo. "Kidogo kidogo" bado haitoshi, kwani ushauri wa kiafya kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili ni mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na mama hana chombo cha mililita jikoni. Vilevile lita. Kijana kutoka Masaka ndiye aliyesaidia: nyumbani kwao lita moja ni vikombe viwili vya Tumpeco, kile kikombe cha nusu lita ambacho kila Mganda anakijua. Maelekezo yaliyochapishwa nchi jirani hayawezi kukijua kikombe hicho, na hapo mwalimu wa lugha ana kazi ya kufanya hata kama si daktari.

Jambo hili si geni kwingineko. Nchini Bangladesh, kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama kutengeneza maji ya aina hii kwa kutumia sukari guru, chumvi na maji. Vipimo vyao vilikuwa vidole na kiganja: chumvi ya kudonoa kwa vidole vitatu, guru ya kujaa kiganja. Lililotuvutia zaidi ni malipo. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizotembelea tu, bali kwa yale ambayo mama aliyakumbuka alipoulizwa baadaye na mtu mwingine. Tukilipwa kwa mtindo huo hapa idarani, sijui nani kati yetu angejenga nyumba.

Bahasha za dawa zilikuwa na kisa chao. Juu ya nyingi hakuna sentensi kabisa. Kuna "2x3x5/7" kwa kalamu. Muuza dawa anasoma: vidonge viwili, mara tatu kwa siku, kwa siku tano. Mwanafunzi wetu mmoja aliyetoka somo la hisabati alipata nne na robo na ushee. Zilizokuwa na maneno zilisema "kutwa mara tatu", na hapo ukazuka ubishi kati yetu walimu. Kutwa ni mchana, tangu jua lichomoze hadi litue. Mgonjwa anayetii neno hilo atameza asubuhi, adhuhuri na jioni, kisha alale saa kumi na mbili bila dawa, ilhali dawa nyingine zinatakiwa kupishana kwa muda ulio sawa. Mwenzetu mmoja alishikilia kuwa watu wamelizoea neno na wanalichukua kuwa siku nzima. Huenda. Lakini chukua dawa mseto ya malaria, ile ya artemether na lumefantrine. Mtu mzima humeza vidonge vinne mara sita kwa siku tatu, na dozi ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa tatu usiku anatakiwa kuamka saa kumi na moja alfajiri. "Kutwa mara mbili" haiwezi kumwamsha.

Tukiandika "meza tena saa nane" mambo yanaharibika zaidi, kwani msomaji atasubiri saa nane mchana. Watu wa mitaani wamekwisha kulitatua hilo kwa kusema "masaa nane" wanapomaanisha muda na "saa nane" wanapomaanisha wakati, nasi kila muhula tunapitisha kalamu nyekundu juu ya "masaa". Tutaendelea kuipitisha katika insha, kwa kuwa ndivyo usanifu ulivyo. Juu ya bahasha ya dawa, hata hivyo, tunapendekeza "baada ya muda wa saa nane kupita", na anayeona hilo ni refu mno asimkaripie mwenye "masaa".

Tusiwacheke watengenezaji wa dawa peke yao. Mwishoni mwa muhula huohuo karatasi ya mtihani ya idara yetu ilitoka na maagizo haya: "Jibu maswali manne na swali la kwanza ambalo ni la lazima." Manne au matano? Neno "na" linaruhusu yote mawili. Watahiniwa waliojibu matano walikimbizana na saa na kuandika vibaya. Waliojibu manne walikuta msahihishaji mmoja amewakata alama za swali la tano, na mwingine hakuwakata. Laiti tungechapa alama za kila swali, hesabu ingewaokoa. Tulisahau hata hilo. Malalamiko yalifika, kikao kikawa kirefu, na hatimaye kila mtu akasahihishwa kwa maswali yake manne bora. Kwa waliopoteza muda hiyo haikuwa haki kamili, na tunakiri.

Tumezungumzia pia vitenzi vya maswali. "Taja" na "bainisha" havina tatizo kubwa. "Jadili" ndicho kitendawili: baadhi yetu tunataka pande mbili na msimamo, wengine wanakitumia kana kwamba ni "eleza" iliyovaa tai. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwezi Julai 2022 kuwa Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, wanafunzi tunaowafunza leo ndio watakaotunga mitihani ya watoto wengi kesho, nao wataiga karatasi zetu.

Rasimu ya maagizo mapya ya mtihani iko tayari: "Jibu jumla ya maswali manne. Moja kati ya hayo manne liwe swali la 1. Chagua matatu mengine kutoka sehemu B au C. Kila swali lina alama 25." Kabla ya kuipeleka kwa mkuu wa idara tulimpa mhazili wetu aisome na atuambie angefanya nini. Alisoma mara mbili, akafungua karatasi ya zamani, akauliza: "Mwalimu, swali la 1 hapa lina (a) mpaka (d). Nikijibu (a) peke yake, nimelijibu?"

Sentensi ya tano imeongezwa.