Kabla ya kuleta kaizen, hesabu bei ya kusimama

Wakurugenzi wakijadili kama kampuni iingie kwenye kaizen, yaani utaratibu wa kuboresha kazi hatua kwa hatua bila kukoma, mazungumzo huishia kwenye vifaa: mistari ya rangi sakafuni, mbao za taarifa, vikao vya asubuhi. Hivyo ni rahisi kununua. Kiwanda cha magari cha Fremont, California, kinatuonyesha kisichonunulika.

General Motors ilikifunga mwaka 1982, utoro kazini ukiwa umekithiri na uongozi hauelewani na chama cha wafanyakazi, UAW. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikiitwa NUMMI. Wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, na chama kilekile. Watafiti wa MIT walipokipima miaka michache baadaye, gari moja liliunganishwa kwa saa 19 za kazi. Kiwanda cha GM cha Framingham kilitumia 31, na kile cha Toyota cha Takaoka 16.

Siri kubwa ilikuwa kamba. Fundi akiona kasoro aliivuta, kiongozi wa kikundi akaja. Tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, laini nzima ilisimama. Ni haki ya gharama kubwa kumpa mtu wa ngazi ya chini. Lakini haki hiyo ilikuwa na mwenzake: mkataba wa 1985 uliahidi kwamba kabla ya kupunguza wafanyakazi, wakubwa wangekatwa mishahara kwanza. Mauzo yalipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980, waliozidi walipelekwa mafunzoni na kwenye kazi za maboresho. Bila ahadi hiyo, nani angefichua kwamba kazi ya watu wanne inaweza kufanywa na watatu?

GM ilijaribu kuupeleka mfumo huo kwenye kiwanda chake cha Van Nuys. Kamba zikawekwa, ila mameneja waliendelea kupimwa kwa idadi ya magari, kwa hiyo aliyevuta kamba alionekana mkorofi. Kiwanda kilifungwa 1992.

Kwa maoni yangu, bodi inayotafuta kupunguza mishahara robo hii ya mwaka ipunguze watu waziwazi, isiliazime jina la kaizen. Inayotaka kaizen kweli imwagize mhasibu kukokotoa mambo mawili: hasara ya kazi kusimama mara kwa mara miezi ya mwanzo, na mishahara ya watakaozidi maboresho yakishafanikiwa. Ikikubali kuzibeba gharama hizo, ibadilishe kwanza vigezo vya bonasi za mameneja, kisha ndipo imwite mshauri.